Sindano Ngumu na Lori la Bia

Vijana wa chumba cha sindano, mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, na mkaniomba pia nisitie chumvi. La kwanza nimekubali. La pili mnanijua: nikisema mgonjwa alipiga kelele, kelele hiyo itasikika mpaka Bujumbura. Punguzeni wenyewe. Ninyi ni wauguzi, mnajua kupima dozi.

Vyeo nitaviacha. Vilikuwa vifupi, na hakuna aliyewahi kupona kwa kusikia cheo changu.

Nimezaliwa Nyamugari, hapa hapa Gitega, kwa fundi cherehani. Nyumba yetu ilikuwa kama nyumba nyingi za Waislamu wa mtaa ule: kila mtu aliyemo ndani anauza kitu au anashona kitu. Mi niliuza sambusa mchana na kusoma jioni. Shule ile ya jioni ilikuwa na balbu moja na wanafunzi wanaotosha kujaza uwanja wa mpira, na mtu wa mbele akisimama kujibu swali, nusu ya darasa inaingia gizani. Nilimaliza masomo nikiwa tayari na watoto wawili. Wa pili mpaka leo anaijua kemia kunishinda, maana aliisikia yote akiwa tumboni.

Siku yangu ya kwanza hospitali nilivaa koti jeupe ambalo baba alilishona mwenyewe, kubwa kwa makusudi, ili nikue ndani yake. Mkuu wa chumba cha sindano alikuwa Mama Spesioza, mwanamke mfupi mwenye mikono mizito ambayo, ikishika sindano, inakuwa myepesi kama ya mtu anayetoa mwiba kwa mtoto. Alinitazama, akaliangalia koti, akaniwekea boga mezani.

"Choma."

"Mama, hili ni boga."

"Na we ni nani? Choma."

Nilichoma boga wiki nzima. Boga lile lilipata chanjo zote za utotoni na nyingine ambazo bado hazijavumbuliwa. Mwisho wa wiki Mama Spesioza alilibeba kwake, akalipika, akaniletea kipande. "Halina jipu," akasema. "Kesho utachoma mtu."

Mengi niliyowafundisha ninyi ni yake. Kumwuliza mgonjwa habari za shamba wakati unatafuta mshipa, kwa sababu mtu anayesimulia maharage yake anasahau kukunja mkono. Kupasha mkono kwa kitambaa cha maji moto mshipa ukijificha. Na lile alilolirudia mpaka nikaliota: chochote kinachoingia kwenye mwili wa mtu, kwanza kipeleke dirishani, ukiangalie kwenye mwanga. "Dirishani kwanza," alikuwa akisema. Aliniachia chumba alipostaafu, akaniachia na dirisha.

Miaka ikapita, malaria, pepopunda, vidonda, mbwa wa Makebuko walioonekana kukubaliana kuuma watu siku za soko. Halafu akaja Fabiano.

Fabiano ni fundi wa baiskeli kutoka Muyinga. Familia yao ni ya wakulima waliorudi kutoka kambi za wakimbizi Tanzania, wamelelewa huko, na Kiswahili chao kimenyooka kiasi kwamba mi wa Nyamugari nikiongea nao nahisi nimevaa kandambili msikitini. Mafigo yake yalikufa yote mawili akiwa kijana. Alikaa kwenye mashine ya kusafisha damu Bujumbura muda mrefu, hadi dada yake Yustina akasema basi, anayo mawili, atoe moja. Kanisa, jamaa na ndugu walioko ng'ambo wakawafikisha India. Yustina akatoa figo lake, Fabiano akapewa, wakarudi wote wawili wamekonda lakini wanacheka.

Sasa, vijana, kuwekewa figo ni nusu ya safari. Mwili una walinzi wake, na walinzi hawajui shukrani. Wanaliona figo la Yustina wanauliza: huyu mgeni ametoka wapi? Wakiachwa, watalishambulia mpaka life. Wagonjwa wengi huzuia hilo kwa vidonge, kutwa mara mbili. Fabiano alivitumia, lakini kimoja kilikuwa kinamtetemesha mikono na kulichosha figo lenyewe. Madaktari wakakiondoa, wakampa badala yake dawa ya mshipa, ya kila mwezi, maisha yake yote. Daktari wetu, Dokta Alisi, alinieleza hivi: mlinzi anahitaji amri mbili ili apige, moja ya kumwona mgeni, nyingine ya kuambiwa "haya, piga". Dawa hii inaizuia ile amri ya pili. Mlinzi anasimama hapo na rungu lake, anasubiri neno ambalo haliji. Nilipenda sana habari hiyo. Niliwasimulia mpaka wauza ndizi.

Dawa ilikuja kwetu Gitega kwa mpango wa msaada, kwa sababu frigo letu lilikuwa na mtambo wake wa umeme. Ni unga mweupe kwenye chupa ndogo. Fabiano, kwa uzito wake, anahitaji chupa mbili. Unaingiza maji polepole, yateremke kwenye ukuta wa chupa, halafu unaizungusha kwa upole kama mtu anayembembeleza mtoto. Ukiitikisa inatoa povu na inaharibika. Ikiganda kwa baridi, imekufa. Ikipata joto, imekufa. Sijawahi kuhudumia bibi harusi mwenye masharti kama hayo.

Na ina sindano yake. Hili ndilo lenyewe, lisikilizeni. Bomba la kawaida la sindano limepakwa ndani mafuta kidogo ya silikoni ili lisukumike vizuri. Dawa hii ikiyagusa mafuta hayo, inaanza kujishika vipande vipande, kama maziwa yaliyochacha, na chupa nzima inatupwa. Kwa hiyo kila chupa inakuja na bomba lake maalumu, kavu, lisilo na mafuta. Na kwa kuwa ni kavu, ni gumu! Kila mwezi nilisukuma bomba lile huku nimeuma meno. Nilitangaza hospitali nzima kwamba limenivunja kidole gumba, kwamba nimefunga gumba kwa kamba na mume wangu Shabani atanishonea jingine. Aliyenisikiliza kuliko wote alikuwa Deo, mtunza stoo, mtu mwema mpaka inatia wasiwasi.

Chupa mbili, mabomba mawili, lakini mi nilitumia moja kwa chupa zote mbili, la pili likabaki halijafunguliwa. Mwezi wa kwanza Mama Fabiano, ambaye humsindikiza mwanawe kila safari, aliliona mezani.

"Hilo mnalipeleka wapi?"

"Stoo, mama."

"Limekuja na dawa ya mwanangu?"

"Njo, ndiyo, limekuja nayo."

"Basi ni la mwanangu." Akalitia kwenye mkoba. Mwezi wa pili vilevile. Mi sikubishana. Mama yule amewahi kusimama langoni kwake na kulizuia kanisa zima lisimkumbatie Fabiano siku aliyorudi kutoka India, maana aliambiwa dawa inapunguza nguvu za walinzi hata kwa mafua. Na mnajua salamu zetu: mkono, bega, kifua, mkono tena. Aliwapanga nje ya ua, wakapunga mikono kama wanaaga ndege. Mchungaji naye akapunga.

Mambo yakaenda vizuri, mpaka mafuta ya gari yalipopotea nchini.

Mnakumbuka. Foleni kwenye vituo zilianza watu wakiwa na nywele nyeusi. Taksi za Muyinga zilisimama. Siku ya Fabiano ikafika, Fabiano hakufika. Alipiga simu, sauti anaifanya ya mzaha: "Mama Zuhura, mimi ni fundi wa baiskeli, nije nayo?" Nikamkataza. Siku zikapita. Dokta Alisi akaniita akanionyesha karatasi za India: dozi imepitiliza wakati wake, na kila siku inayoongezeka ni nafasi kwa wale walinzi. "Figo likikataliwa," akasema, "hatuna jingine. Yustina hana la tatu."

Nikatoka nje nikasimama barabarani, nikiangalia barabara tupu. Na barabarani likapita lori la bia.

Msicheke. Katika nchi hii kila kitu kinaweza kukosekana, lakini bia inafika. Nikauliza kiwandani, wakanielekeza kwa dereva anayeitwa Minani, anayekwenda Muyinga kwa njia ya Karuzi asubuhi ileile. Nikamkuta anakaza kamba za kreti. Nimevaa hijabu yangu ya kazini, ile nyeupe.

"Mama," akasema, "bia za jumla hatuuzi hapa."

"Nataka kiti."

"Kwenda wapi?"

"Muyinga. Na dawa. Na haitakiwi kutikiswa."

Akaangalia lori, akaangalia barabara, akanitazama mimi, akaapa kwa Kirundi: "Yampaye inka! Mi niko na kreti zote hizi za chupa, nazo hazitakiwi kutikiswa. Umepata dereva. Panda."

Deo alinifungia glasiyeri, lile sanduku la baridi, kwa mikono yake. Chupa mbili, vipande vya barafu vimefungwa kwa taulo visiziguse, kipimajoto, kichujio, mpira wa serumu, ule wa dripu, mabomba mawili ndani ya bahasha. Nilivihesabu. Vyote vilikuwepo. Deo alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi ya Idi. "Safari njema, Dada Zuhura. Leo hutalia."

Nikadhani ananiombea dua.

Sanduku nililipakata njia nzima. Kila shimo la barabara nililiona kabla ya Minani na nikalipigia kelele, na inawezekana nilipigia kelele mashimo yaliyokuwa bado hayajatokea. Kwenye vilima vijana wa baiskeli walishika nyuma ya lori tuwavute, na mizigo yao ya ndizi. Kwenye kila kituo watu walitoka nje wakatupigia makofi. Sijawahi kupokewa hivyo maishani. "Wanadhani umekuja na bia," akasema Minani. Nikampungia mkono kila mmoja, kwa heshima zote. Habari zilifika Nyamugari kabla sijafika Karuzi: mke wa Shabani yuko kwenye lori la bia, mbele, anapungia watu.

Muyinga tukashukia kwenye kituo cha afya karibu na kwao Fabiano, ambako Dokta Alisi alikwisha kupiga simu. Walikuwapo wote: Fabiano kwenye kitanda, Yustina pembeni yake, Mama Fabiano mlangoni kama askari. Nikapima joto la sanduku: zuri. Chupa dirishani: nzuri. Nikanawa, nikavaa glavu, nikachana karatasi ya bomba, nikalijaribu.

Likateleza.

Likateleza kama siagi. Mara ya kwanza tangu niijue dawa ile, gumba langu halikusikia kitu. Nikaangalia karatasi: maandishi si yale. Nikaangalia la pili: vilevile. Nikaketi chini.

"Vipi?" akauliza Yustina.

"Subiri kidogo, binti." Nikatoa simu.

"Alo, Deo. Mabomba yangu iko wapi?"

"Umeona!" Sauti imejaa furaha. "Nilikuwekea mapya, ya laini kabisa! Ya akiba yangu mwenyewe. Nikasema, Dada Zuhura anasafiri na lori, amechoka, donc, basi, asiumie tena gumba."

"Deo. Zile ngumu. Iko wapi?"

"Ziko hapa kwenye droo. Kwa nini?"

Nilimweleza kwa nini. Halafu nikasikia Deo analia, mtu mzima na ndevu zake, na mi nikawa namtuliza Deo, wakati mgonjwa anayehitaji kutulizwa yuko mbele yangu. Aliyemjaza maneno ya gumba kwa mwaka mzima mnamjua.

Dokta Alisi kwenye simu alikuwa na jibu moja: bila bomba kavu, chupa isifunguliwe. Kituo cha afya hakikuwa nalo, wala hospitali ya Muyinga. Lori la Minani lingerudi kesho yake na chupa tupu, lakini barafu ya sanduku isingefika kesho na frigo la kituo lilikuwa limezimika, na lori jingine kutoka Gitega lilikuwa la wiki iliyofuata. Nikawageukia nikawaambia yote, bila kuongeza hata punje. Nadhani hapo ndipo walipojua hali ni mbaya.

Fabiano aliangalia dari. Yustina aliweka mkono ubavuni mwake mwenyewe, upande wa kovu, kama mtu anayeshika mfuko usiibiwe.

Mama Fabiano ndiye aliyeuliza. "Hilo bomba gumu. Ndilo lile la karatasi yenye mstari wa kijani?"

"Ndilo hilo, mama."

"Lile ulilokuwa unanipa?"

Nikamtazama. Alikwisha kugeuka. Mama yule ana magoti mabovu, nimeyachoma sindano mwenyewe, lakini siku ile alikimbia. Nilimfuata na glavu mkononi, tukapita sokoni, watu wakatupisha wakidhani kuna moto.

Sebuleni kwao kuna kabati la vioo. Juu vikombe vya harusi walivyorudi navyo kutoka Tanzania, vimefunikwa kitambaa cha kufuma. Chini picha ya Fabiano na Yustina wakiwa India, wamevaa kofia za hospitali. Na katikati, ndani ya bilauri, yamesimama kama maua: mabomba ya dawa, kila mwezi moja, yamefungwa, safi, hayajaguswa.

"Kambini tuliishi kwa vitu walivyotupa wengine," akasema, huku anahema. "Kitu kilichofungwa hakitupwi. Na hivi vilikuja na uzima wa mwanangu, niviweke wapi, jikoni?"

Niliyapeleka dirishani moja baada ya jingine. Moja karatasi ilikuwa na tundu, nikaliweka kando. Nikasoma tarehe za kuisha: bado mbali. Nikachagua la karibuni kabisa, na la pili la akiba, na ningeweza kumbusu mama yule, ila alikuwa na sharti lake la kutokumbatiana, nikampungia mkono.

Bomba likagoma kama kawaida yake. Halijawahi kunipendeza vile. Maji yakateremka ukutani mwa chupa, nikazungusha, nikasubiri, nikapeleka dirishani. Safi, hakuna punje, hakuna uzi. Nikaona kilima cha upande wa pili kupitia ile chupa. Nikafunga mpira wa mkono, nikamwuliza Fabiano habari za baiskeli.

"Breki za watu wa Muyinga," akaanza, "ni aibu ya taifa." Hakusikia sindano.

Dawa ilipoisha nilimwangalia muda, moyo, joto, kila kitu, halafu tukaenda kwao. Minani alikwisha kushusha kreti zake, akaja kuuliza mgonjwa, akapewa kiti uani pamoja na bia yake mwenyewe aliyoileta. Majirani walisimama nje ya ua wakipunga mikono. Mi nilipewa maziwa, ya moto, maana nyumba ile hata mgeni anachemshiwa. Tulikuwa tunaongea wote kwa pamoja, kila mtu anasimulia lori, bomba, mbio, na tayari mbio zile zilikuwa zimerefuka, na si mimi niliyezirefusha.

Fabiano akaomba udhuru akaenda nyuma ya nyumba.

Mama yake akainua mkono. "Nyamazeni."

Tukanyamaza. Minani chupa ikabaki katikati ya njia. Hata wale wa nje ya ua wakakaa kimya, na nikaelewa kwamba wao wanajua, mi ndiye mgeni. Miaka ile ya mashine Fabiano alikuwa hapati hata tone la mkojo. Tangu arudi anapima kwenye ndoo ya plastiki kama alivyoagizwa, na mama yake anasikiliza.

Ikaja. Kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, kama mvua ya Aprili juu ya mabati. Haikuwa na mwisho. Nawaapia, tungeweza kumwagilia mashamba yote ya Mutaho.

"Mnaisikia?" akasema Yustina taratibu, amejishika ubavu. "Hiyo ni ya kwangu."

Vigelegele vikapasuka pande zote mbili za ua, na kutoka nyuma ya nyumba Fabiano akapiga kelele: "Jamani, niacheni nimalize!"

Majibu ya damu yalikuja mazuri. Deo alisamehewa siku ileile, na sasa mabomba yale yanakaa kwenye droo ya chini, ndani ya kopo aliloliandika mwenyewe kwa wino mwekundu: NGUMU, ACHENI HIVYO HIVYO. Shabani aliponipokea nyumbani alininusa bega, akasema hijabu hii tutaifua mara mbili.

Fabiano anakuja Alhamisi, kwa taksi, Mungu akipenda na mafuta yakikubali. Chupa ziko rafu ya katikati. Msiitikise dawa. Dirishani kwanza. Bomba litakalobaki mpeni mama yake, msibishane naye. Na Fabiano akiomba kwenda uani kabla ya safari, punguzeni sauti kidogo. Mama atakuwa amesimama mlangoni.